Asumini ya Athanas

Jumatatu, 3 Februari
Bi Anifa, mama mwenye nyumba wetu, anamwoza binti yake Jumamosi. Anataka mtu wa kughani shairi ukumbini. Nikajitolea haraka. Athanas wa chumba cha jirani, muuza kandambili, naye akajitolea! Bi Anifa kasema atatusikiliza Ijumaa usiku, achague mmoja. Mimi, ninayeitwa Malenga Kariakoo nzima! Nikishindwa na kandambili, nahama mtaa. Nimekaa na kalamu jioni nzima. Nimepata neno moja: "Ua." Joto kali. La pili halijaja.

Jumanne, 4 Februari
Nimeijua siri yake! Athanas ana asumini dirishani, kwenye ndoo kuukuu ya rangi. Jioni inachanua, ananusa, anaandika. Kumbe si kipaji, ni mmea! Nikamwambia namwonea huruma na joto hili, achukue feni yangu, mimi nimsaidie kutunza hilo jani lake. Akauliza kama nina homa. Kabla sijajibu, feni ilikuwa chumbani kwake. Mjini shule!

Alhamisi, 6 Februari
Nimenusa mpaka nimepiga chafya. Jasho limelowesha karatasi. Nimeandika: "Ewe ua jeupe, mbona hunipepei?" Nimefuta. Nikalala, nikaota feni.

Ijumaa, 7 Februari
Balaa! Nimerudi nyumbani jioni kutoka kazini, mti umebaki majani matupu. Bi Anifa na mashoga zake wamechuma maua yote, wamsukie bibi harusi vikuba. Nikalalamika. Akaniuliza kwani na mimi naolewa?

Baada ya isha tukaghani. Nilipomaliza ubeti wangu, mtu mmoja alinipa pole. Athanas akasimama, uso wa mtu aliyelala vizuri, akaghani beti saba juu ya asumini aliyokuwa nayo, jinsi harufu yake inavyomjia gizani ingawa dirisha ni tupu. Bi Anifa akafuta machozi kwa kanga. Mimi pia yalinitoka. Nikasingizia chafya. Niliumia sana.

Jumapili, 9 Februari
Harusi imepita. Athanas kapigiwa vigelegele. Mimi nilibeba spika.

Leo nimetulia, nimetafakari kisomi. Alipokuwa na asumini, aliandika vizuri. Alipoikosa, akaandika vizuri zaidi. Kwa hiyo?

Feni!

Nimemwomba anirudishie, achukue asumini yake, na juu yake nampa godoro langu. Kakubali sijamaliza hata sentensi. Sasa nimelala mkekani, kalamu mkononi, feni mbele yangu. Nasubiri umeme urudi tu nianze. Maskini Athanas, hajui alichopoteza!