Majibu Arobaini na Moja

Jumatatu, 3 Machi
Leo saa nne na dakika kumi asubuhi nimepoteza majibu arobaini na moja. Arobaini na moja! Fomu ya zabuni ya madawati 340 ina maswali arobaini na nane. Nimetoka kidogo kupima dawati la mfano, narudi: "Muda wako umekwisha. Ingia upya." Nikaingia. Fomu nyeupe pe! Karakana nimeijenga kwa mikono hii, leo tovuti inanifukuza kama mzururaji. Mwisho ni Ijumaa, saa sita mchana. Nikikosa, mafundi wangu sita hawana kazi hadi Juni.

Jumanne, 4 Machi
Kipara, seremala wa ng'ambo ya barabara, keshatuma yake. Kaja mwenyewe kunitangazia. Eti, "Bosi, fomu unaijaza au unaichonga?" Mshenzi.
Mbinu: nimefunga kipanya cha kompyuta kwa uzi kwenye feni, kitikisike, tovuti ijue nipo. Dakika ya kumi na tano, nje! Feni ikavuta uzi, kipanya kikanichapa sikio.

Jumatano, 5 Machi
Nimemvamia shemeji, mke wa mdogo wangu. Tovuti kaitengeneza yeye. Nikamwambia kazi yake ya kihuni. Kasema kumtoa mtu ni usalama, ila kumpotezea alichoandika ni kosa lake, atalirekebisha leo leo. Muda ukikaribia, dirisha litauliza kama bado nipo, nibonyeze "Ndiyo". Nisipobonyeza, nikiingia tena nitakuta kila kitu. Halafu akaniuliza, "Umeelewa, shemeji?" Dharau hiyo!

Alhamisi, 6 Machi
Majibu arobaini na sita. Ghafla dirisha: "Bado upo?" Mimi? Mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, kwenye kiti changu? Sikulijibu. Likanitoa. Nikaingia tena: yote arobaini na sita yapo, hata koma! Basi kuna mtu kayashika, kayasoma. Kipara huyo! Nimeyafuta yote, moja moja.

Ijumaa, 7 Machi
Saa tano na nusu nilikuwa na majibu kumi na tisa. Mdogo wangu kapiga simu, ananisihi: kaka, bonyeza tu "Ndiyo". Nikamjibu sipokei amri ya dirisha. Likachomoza tena. Nikaliacha hapo hapo, nikamwandikia shemeji barua, kurasa tatu, kwa kalamu. Anijibu bila kuzunguka: nani alimruhusu kunitunzia majibu yangu? Ndiyo au hapana sitaki, nataka jina. Leo, kabla ya saa sita kamili. Ana dakika nne.