Chokaa Juu, Mama Mkwe Chini

Jumatatu, 3 Februari

Leo nimeapa mbele ya mke wangu: kiyoyozi hakitaingia nyumba hii. Nimeapa nikiwa nimevua shati, jasho likinitiririka mpaka kwenye soksi. Lakini nimeapa.

Sababu ni mama mkwe. Kapasuliwa goti, na daktari kasema asiishi peke yake tena. Kwa sasa yuko kwa kaka wa mke wangu, yaani shemeji yangu, ambaye kazi yake ni kufunga viyoyozi. Kwake kila chumba kina kiyoyozi, hata korido. Jumamosi mama anakuja kulala kwetu, Jumapili atasema anataka kuishi kwa nani.

Mke wangu ni kitinda mimba. Hajawahi kuniomba gari, wala dhahabu. Anamtaka mama yake tu. Kasema mama akikaa kwa kaka, yeye atakuwa anabisha hodi kama mgeni kwenda kumwona mama aliyemzaa. Nampenda sana mwanamke huyu. Nikahisi naweza kuibeba nyumba nzima kichwani niipeleke kivulini.

Maana nyumba yetu ni tanuri. Paa la bati, dari nyembamba, madirisha yametazama magharibi. Shemeji kasema atatufungia kiyoyozi kwa bei ya undugu. Mwamba ngoma huvutia kwake! Nikamwambia nyumba yenye akili hujipoza yenyewe, haili umeme na haiichafui dunia. Akauliza hayo nimeyasoma wapi. Nikamkaribisha chai. Niliyasoma kwenye gazeti alilofungia vitambaa mteja wangu mmoja. Ukurasa ulikuwa umechanika katikati, lakini nusu niliyonayo inatosha.

Jumanne, 4 Februari

Nusu ya gazeti inasema: bati jeupe hufukuza jua. Nimefunga duka la cherehani mapema, nimenunua chokaa, nimepanda. Jirani yetu, askari mstaafu, akanitazama kutoka uani kwake akasema mpanda ngazi hushuka. Nikamjibu kwamba kushuka kumo kwenye mpango.

Nikapaka paa zima. Zuri! Linang'aa! Nikakaa juu yake nikijipongeza, kisha ikanyesha mvua.

Mvua gani Februari? Chokaa yote ikateremka. Nusu ikanipitia mimi, nusu ikaingia kwa jirani, ambako jogoo wake mwekundu alikuwa amejikinga chini ya mfereji wetu. Jogoo akatoka mweupe kama amekufa akafufuka. Jirani akadhani ni wa watu, akamfukuza kwa fagio mpaka barabarani. Jogoo akarudi. Akamfukuza tena. Mimi nilikuwa nimeliona jambo lote kutoka juu, ningeweza kusema neno. Sikusema. Baadaye aliyemwambia ni mke wangu, na jioni jirani alikuwa anamwogesha jogoo kwenye karai huku akimwomba radhi.

Ndani bado tanuri. Kwa heshima ya mvua nitasema tanuri lenye unyevu.

Jumatano, 5 Februari

Leo mapazia! Gazeti linasema kitambaa kilicholowa hupoza upepo unaopita. Mimi ni fundi cherehani, nitakosaje kitambaa?

Kitambaa kizito kuliko vyote dukani kilikuwa cha mwalimu mkuu, rangi ya damu ya mzee, cha kushonea pazia la jukwaa la shule yake. Sikukikata. Nilikiazima tu. Nikakilowesha kwenye pipa, nikakitundika kwenye madirisha ya magharibi. Upepo ukapita. Ubaridi! Ubaridi wa kweli! Nikamwita mke wangu asimame mbele ya dirisha. Akasimama, akafumba macho, akatabasamu. Ile dakika nilikuwa mume bora katika mtaa.

Kisha kitambaa kikaanza kuchuja. Sakafu nyekundu, kochi jekundu, miguu ya mke wangu myekundu mpaka kwenye vifundo. Na nani anabisha hodi? Mwalimu mkuu, kaja kuulizia pazia lake. Nikamwambia, bila kupepesa jicho, kwamba fundi makini hashoni kabla ya kujaribu kama kitambaa kinachuja, na hiki, mwalimu, kwa bahati mbaya kinachuja. Akanishukuru sana. Kasema dukani alikonunua watamtambua, na akaondoka nacho kikiwa bado kinadondosha maji njia nzima.

Mke wangu hakunishukuru. Nimesugua sakafu mpaka kiganja kimenichubuka.

Jioni shemeji kapita. Kaangalia kochi, kaniangalia, kisha akatundika kipimajoto ukutani. Kasema ni zawadi. Nani anazawadia kipimajoto? Huo ni uchokozi wenye msumari.

Alhamisi, 6 Februari

Trei za mayai! Ukizipanga juu ya dari, joto la bati haliteremki. Nimezunguka kwa wauza mayai wote, nimerudi na trei kichwani mpaka watu wakaniuliza kuku wangapi nafuga. Nikazipanga darini asubuhi. Kufika adhuhuri mende wakaanza kuteremka ukutani kwa mstari, wakubwa mbele, watoto nyuma. Walihamia na trei zao. Mke wangu akapanda kitandani na sufuria mkononi, akasema hatashuka mpaka mmoja wetu aondoke, mimi au wao. Nikazitoa zote nikazianika juani.

Shemeji akapiga simu kwamba anakuja kusoma kipimajoto chake. Nikafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya: nikakitia kwenye friji. Aliposikika getini nikakirudisha kwenye msumari. Akakisoma. Akakisoma tena. Kisha akaniuliza kwa upole kama siku hizi tunauza nyama.

Sawa. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na shemeji anaota upara.

Mama mkwe pia kapiga simu, nikiwa ngazini. Nikamwamkia, akaitikia, akasema baba, nina neno dogo. Nikamwambia mama, usinieleze, najua wasiwasi wako. Nikamweleza chokaa, trei, upepo, madirisha, kila kitu. Kila alipofungua kinywa nikamtuliza. Mwishowe akashusha pumzi akasema haya, mwanangu. Mke wangu akaniuliza mama alikuwa anataka nini. Nikajaribu kukumbuka. Nikamwambia nadhani kafurahi.

Ijumaa, 7 Februari

Nitaandika kwa kifupi maana nimechoka, na nina furaha.

Mke wangu kaniambia kwamba kwao chokaa ilichanganywa na chumvi ili ishike, na kwamba jambo hilo ameshanieleza tangu Jumatatu. Sikumbuki. Hata hivyo nimebuni chokaa ya chumvi. Nimepaka paa upya. Nimerudisha trei darini bila mende. Nimetoboa matundu juu kabisa ya kuta ili hewa moto itoke. Nimetundika magunia nje ya madirisha ya magharibi. Mchana madirisha yote tumeyafunga, jioni tumeyafungua yote.

Giza liliingia kabla sijafika paa la stoo, kule nyuma ninakotupa vipande vya vitambaa. Ngazi nayo haifiki. Hakuna anayelala stoo, basi nikaliacha. Chokaa imebaki nusu ndoo.

Tumeketi sebuleni, mimi na mke wangu. Hakuna jasho. Kipimajoto kimeshuka chenyewe kwenye msumari, bila friji! Mke wangu kaniegemea bega. Wiki nzima hajaniegemea, kwa sababu ya joto, na kwa sababu nyingine. Akasema mama atakaa. Nikasema atakaa. Nimefanikiwa! Mimi! Kwa nusu ya gazeti!

Jumamosi, 8 Februari

Sijui nianzie wapi.

Mama kaingia mchana, jua kali, akitembea kwa mkongojo, shemeji nyuma yake na mfuko wa nguo. Shemeji alipokanyaga sebule yetu akasimama, akatazama juu, akatazama kona zote akitafuta mashine. Nilimwacha atafute. Ilikuwa raha isiyo na kifani.

Mama naye kasimama katikati ya sebule. Akaomba shuka. Nikacheka, nikidhani ananitania. Akaomba soksi. Mke wangu akaleta soksi. Kisha mama akaniuliza, kwa sauti ya chini kabisa, baba, hiki kitu mnazimia wapi? Nikamweleza kwa fahari kwamba hapa hakuna cha kuzima, mama, ubaridi huu ni wa nyumba yenyewe, ni wa milele.

Uso wake ukashuka. Kasema baridi inamla goti kama fisi. Kwa mwanawe kavumilia akiogopa kumvunja moyo, maana ndiyo kazi yake, lakini kule angalau kuna kitufe, na mkwe wake wa kike humzimia kwa siri. Aliposikia kwamba kwetu ni tanuri alimshukuru Mungu. Juzi alipiga simu kuniomba nisiguse chochote. Sikumpa nafasi.

Nikamtazama shemeji. Shemeji akatazama mkongojo. Mara ya kwanza maishani namwona kashindwa, na sikuifurahia kama nilivyotarajia.

Mama kakaa jua lote kwenye ngazi za nje, kajifunga shuka, akisema asihangaikiwe. Kasema kesho itabidi arudi kule kwenye kitufe. Mke wangu akaingia jikoni akafungulia bomba ili asisikike analia. Tulimsikia. Niliona aibu mpaka kwenye kucha. Wiki nzima sikumwuliza mama hata neno moja, na mgeni ni yeye.

Jumapili, 9 Februari

Asubuhi kitanda cha mama kitupu! Mke wangu kapiga ukelele, mimi nikakimbilia barabarani na taulo. Jirani akaniuliza kama nimempoteza jogoo. Hatukumwona barabarani, uani, wala bafuni.

Tukamkuta stoo. Kalala juu ya lundo la vipande vya vitambaa, mguu kaunyoosha, pua inang'aa jasho, anakoroma kwa amani kuliko mtoto mchanga. Mule ndani nilipoingia miwani yangu ilifanya ukungu. Alipoamka akajinyoosha, akakunja goti, akalikunjua. Kasema halijamsemesha tangu alipoingia humo.

Shemeji kaja na gari kumchukua. Mama akamwambia arudi na gari tupu. Kasema ataishi hapa, kama hapa ni stoo, na kama kuna mtu wa kumtolea cherehani mbovu iliyomzibia dirisha. Mke wangu akacheka, akalia, akamkumbatia mama, akanikumbatia mimi, akamkumbatia na kaka yake. Shemeji na mimi tukabeba kitanda. Mlangoni kilikwama, tukakigeuza, tukagombana, kikaingia. Kisha akaninong'oneza kwamba sebule yetu ina ubaridi mtamu, na kwamba nisimwambie mteja wake yeyote. Chema chajiuza!

Jumatatu, 10 Februari

Amani tele. Mama stoo anatokwa jasho na kusifu. Mke wangu kaimba wakati wa kuosha vyombo, wimbo ambao sijamsikia akiuimba tangu tulipooana. Kaniambia mambo mawili. Kwanza, mimi ni mwanaume mwema. Pili, nisiguse stoo. Nikamwambia mke wangu, kwani nina wazimu?

Mchana nimevuka barabara kununua nyuzi. Nikageuka kuitazama nyumba yangu kwa mbali. Paa zima jeupe, safi, linapendeza kama shati jipya. Na pale nyuma, juu ya stoo, kipande cha bati chenye kutu. Mimi ni fundi cherehani, jamani. Nitamwachiaje mtu shati lenye kiraka mgongoni? Watu wanapita, wanaona. Jirani kaona, kaniuliza kama chokaa iliniishia. Haikuniishia! Nusu ndoo bado ipo!

Tena nimefikiri kwa kina. Ukuta wa stoo umepakana na sebule, kwa hiyo joto lote la mule linavuja huku. Ni hasara kwa nyumba, ni hasara kwa dunia. Na goti la mama litakuwa limeshazoea.

Kesho asubuhi mke wangu anampeleka mama kliniki. Ngazi ndefu nimeshaiazima kwa shemeji, nimemwambia ni ya kuchumia mapapai. Chumvi imeshayeyuka kwenye ndoo. Nitapaka safu mbili nyembamba tu, na wakirudi zitakuwa zimekauka. Goti halina macho.