Mzee Anayewashwa

Jumatatu, 4 Machi
Balaa! Bosi katuita, mimi na nesi. Eti simu yetu ya ushauri wa mambo ya chumbani haipigwi tena, watu wanaiuliza roboti ya mtandaoni, kwa kuwa haiwezi kuwacheka. Wiki ikiisha hivi hivi, simu inakatwa. Nesi atarudi zahanati. Mimi nitapelekwa stoo, kupanga makasha ya kondomu. Thubutu! Nina mpango.

Jumanne, 5 Machi
Nimeazima simu ya mke wangu, maana namba yangu ofisi nzima inaijua. Nikajifungia stoo, nikabana pua, nikapiga. Nesi akapokea. Nikasema mimi ni mzee, nawashwa huko chini. Akauliza tangu lini, kama nikikojoa naumia, kama mwenzangu naye anawashwa. Nikakubali kila kitu ili maongezi yarefuke. Akasema nisione haya, yanatibika, tuje tupimwe wote wawili. Bosi kafurahi. Kichwa ninacho!

Jumatano, 6 Machi
Jamani! Nimesahau utaratibu niliouanzisha mwenyewe: mwenye dalili hupigiwa kesho yake kujuliwa hali. Nanywa chai ofisini, namsikia nesi, simu kaiweka spika, anamwulizia mzee wa jana. Chai ikanipalia. Mke wangu akajibu kwamba hapo hakuna mzee, na jana simu alikuwa nayo mumewe. Akauliza kuna nini. Nesi akasema siri ya mpigaji haitolewi. Loo, afadhali angeitoa!
Nyumbani nikaeleza mpango wote. Mke wangu akasema hakuna mwenye akili timamu anayepigia ofisi yake kudanganya kwamba anawashwa, kwa hiyo nichague, mgonjwa au mwendawazimu. Nalala kwenye kochi.

Alhamisi, 7 Machi
Simu ya ushauri imelia kutwa! Kapiga mke wangu, kapiga shemeji, kapiga shangazi yao, wote kuulizia muwasho wangu. Ya mama mkwe nimeipokea mimi. Nikabana pua upesi. Akauliza kama kula meza moja na mkwe anayewashwa kuna hatari. Nikasema hakuna kabisa. Kisha akashusha sauti, akauliza la kwake: siku hizi akiwa na mzee wake anaumia, na roboti hawezi kuiuliza, kwa kuwa simu yake wajukuu huichezea. Nikamweleza polepole kwamba umri huleta ukavu, vilainishi vipo, na nesi atamwona bila kumcheka. Akanishukuru, akaniita mwanangu. Miaka yote ya ndoa hajawahi kuniita hivyo! Machozi yalinilengalenga.

Ijumaa, 8 Machi
Mke wangu kaniburuta kupima. Tuko wazima wote! Kochi nimeliaga. Na simu haikatwi! Ila bosi kampongeza nesi, na anamtafuta kijana mwenye mafua ambaye mama mmoja kapiga kumsifu sana. Ofisini hakuna mwenye mafua. Nikijitaja mwenyewe, ataniuliza nilibana pua kwa nini.
Nimepata dawa. Kesho tunakwenda kwa mama mkwe kumwonyesha majibu. Nitaazima simu yake kidogo tu, nijifungie chooni, nibane pua, nimtajie bosi jina langu, kwamba kijana yule ndiye mimi.