Kibali cha Kulowa

Kuanzia Jumatatu, Mto Mahanadi, huko India, ungetiririka kwa utaratibu. Bwana Sarbeswar Panigrahi, Mkurugenzi wa Ofisi ya Matumizi ya Mto, alilitangaza hilo kwa kipaza sauti kwenye ngazi za mtoni, mbele ya madobi, wauza samaki na nyati wa kufugwa kumi na wawili waliolala majini bila kibali.

Kanuni zilikuwa nane. Anayeoga, anayefua, anayesali na anayemwaga majivu ya marehemu, wote wajaze fomu, nakala tatu. Ya saba aliipenda zaidi kwa kuwa aliitunga peke yake: atakayelowa bila kibali atashika masikio na kuchuchumaa mara kumi, akiuomba mto radhi. Alijua ni adhabu ya watoto wa shule, lakini ikishapigwa muhuri huwa sera.

Dobi Kuntala, aliyemfulia miaka kumi na tisa, alijaza fomu siku ileile. Ikaenda kulala mezani kwa mkurugenzi, chini ya nyingine mia nne.

Alhamisi waziri alikuwa anakuja kuusifu mpango, na pengine kumpandisha cheo mwenye mpango. Asubuhi hiyo Panigrahi akafuata koti lake jeupe. Kuntala akalitoa kwenye furushi, doa la dengu bado liko kifuani.

"Hujafua?"

"Nangoja kibali, baba."

"Si ungelisuuza tu kidogo?"

"Nishike masikio, na magoti haya?"

Mkurugenzi akarudi ofisini kuitafuta fomu ya Kuntala kwenye lile rundo mpaka jasho likamtoka. Haikuonekana. Ikabaki nusu saa waziri afike. Akajifunga taulo, akaingia mtoni na koti lake.

Alikuwa amelipiga jiweni mara mbili, vibaya, askari aliyemwajiri mwenyewe alipopuliza filimbi.

"Kibali, mzee."

"Vibali natoa mimi, wewe."

"Sasa chako kiko wapi?"

Panigrahi aliona aibu sana. Katikati ya aibu akaona pia kwamba kanuni imeandikwa vizuri mno, haikuacha mwanya hata mmoja. Akashika masikio.

Msafara ulifika akiwa kwenye mara ya nne. Waziri akauliza huyo ni nani, akaambiwa ndiye mtunga kanuni. Akafurahi, kwani hakuwa amewahi kuona afisa anayefuata sera yake. Akavua viatu, akashuka ngazi, akachota maji kiganjani kulisalimu jua, kama alivyofundishwa na mama yake.

Filimbi ikalia tena.

"Saba," Kuntala akahesabu. "Sogea kidogo, baba, mheshimiwa naye apate nafasi."