Viraka Sitini na Nne vya Mstaafu

Jumatatu, 4 Novemba

Mvua siku tatu mfululizo. Leo jua. Bustani imefumuka! Mayungiyungi meupe, mawaridi mekundu, mchaichai umefika kiunoni. Ndege wawili aina ya chozi wananyonya maua bila hata kunisalimia. Nimeishi Kasulu miaka thelathini na moja na nilikuwa sijui kama tuna bustani. Nilikuwa porini, nikipima viwanja vya watu. Sasa nimestaafu, mwezi wa tatu huu. Naona mambo.

Jambo jingine nililokuwa silijui: mke wangu Josepha ni mtu mkubwa. Kila asubuhi anakaa bustanini na jirani yetu Marguerite, Mkongo, fundi wa kudarizi, wanashona blanketi la viraka. Ni la mjukuu. Binti yetu Aneth yuko Kibondo, siku zake zimekaribia, na Jumamosi tunakwenda. Nimeinama nikatazama mishono ya Josepha. Midogo kama punje za ulezi, yote sawa! Bila rula! Mimi nilihitaji darubini na vijana wanne ili kunyoosha mstari mmoja.

Nilitaka kumsifu. Nikawahiwa na Saidi wa nyumba ya pili. Mstaafu kama mimi, bwana shamba, mtu wa Tanga. Alikuja kuomba mbegu za giligilani, akashika sindano, akapiga bandi mstari mzima akisimulia habari za mbolea. Marguerite akasema mkono wa Papa Saidi ni mwepesi sana. Josepha naye akasema kweli.

Mimi niliambiwa nilete kiti. Cha Saidi.

Jumanne, 5 Novemba

Nimelala nikifikiri, nimeamka na jibu. Kiraka ni kiwanja! Blanketi ni mji! Nani Kasulu nzima anajua viwanja kunizidi?

Nikachora ramani kwenye karatasi ya miraba. Katikati ya blanketi wameacha wazi, hawajaamua waweke nini. Nilipima wakiwa wanakunywa chai: sentimita tisini na sita kila upande. Maana yake viraka sitini na nne vya sentimita kumi na mbili. Nadhifu kabisa!

Nikawaonyesha. Saidi aliitazama ramani kwa muda, akauliza barabara ya kwenda sokoni inapita wapi. Walicheka wote. Josepha aliniomba radhi kwa macho, akasema, "Baba Aneth, keti basi ujaribu kimoja." Nikajaribu. Marguerite alikigeuza kiraka changu huku na huku, akasema kwa upole, "Papa, hii laini yako inapinda kama njia ya mbuzi."

Nimeamua. Katikati nitapajaza mwenyewe, kwa siri, kwa vipimo. Kesho Josepha ana sala ya jumuiya tangu asubuhi. Saidi atakoma!

Jumatano, 6 Novemba

Siku ya ushindi.

Josepha alitoka saa mbili. Nikatafuta kitambaa. Vipya vyote vina wenyewe, lakini chini kabisa ya sanduku nikakuta kipande cha kitenge cha buluu chenye ndege wa njano. Kimepauka, kimelainika, hakivaliwi na mtu. Ni kama kilikuwa kinaningojea! Nikakitandaza mezani, nikapiga mistari kwa chaki, nikakata. Viraka sitini na nne, sentimita kumi na mbili kila kimoja, hakuna kilichozidi hata unywele. Nilisimama nikaviangalia kwa muda mrefu. Mabaki nilifutia miwani.

Saa sita Josepha akarudi, na Marguerite na Saidi nyuma yake. Nilikuwa nimevipanga juu ya meza ya bustanini, safu nane kwa nane. Nikasema, haya, tazameni kazi ya mtaalamu.

Saidi ndiye aliyeona kwanza kosa la vipimo. Akasema mzee mwenzangu, ukishona, kila ukingo unameza kitambaa. Nafasi ya mshono iko wapi? Kiraka cha sentimita kumi na mbili kitakuwa cha kumi. Katikati ya blanketi patabaki pengo!

Nikaanza kujitetea. Ndipo nikaona kwamba Josepha haangalii vipimo. Amechukua kiraka kimoja, amekishika kwa mikono miwili.

Akaniuliza, "Hiki umekitoa wapi?"

Nikasema sandukuni, chini.

Alikirudisha mahali pake, kwenye safu yake, akachukua kopo akaenda kumwagilia mayungiyungi. Na jana mvua ilinyesha.

Saidi akaaga. Marguerite akanivuta pembeni, akanieleza. Kilikuwa cha marehemu mama mkwe, Bibi Ntirampeba. Ni mbeleko. Ndiyo aliyombebea Aneth, wiki zile mbili za kwanza Josepha alipokuwa hawezi kuinuka.

Wiki zile mimi nilikuwa Kagerankanda, napima mipaka ya kijiji.

Alhamisi, 7 Novemba

Mpango wa dharura. Kitenge kilekile kitapatikana sokoni! Nitakirudisha sandukuni, mambo yatakuwa kama zamani.

Nilipanda bodaboda mapema na kiraka kimoja mfukoni. Duka la kwanza hakuna. La pili walinicheka, wakasema chapa hiyo ilikwisha tangu enzi za mama zao. Duka la nane: buluu! Ndege wa njano! Nilikaribia kumkumbatia muuzaji.

Nyumbani nilikifua mara nne, nikakianika juani kipauke, nikakikunja vizuri, nikakiweka chini ya sanduku. Kisha nikamwita Josepha, nikamwambia afungue, kuna jambo la kumfurahisha. Alikifunua. Akakisogeza dirishani.

"Baba Aneth, ndege wa mama walikuwa njiwa."

Nikasema na hawa je?

"Hawa wana vishungi. Ni majogoo."

Nilikaa kitandani. Hapo hila ziliniishia kabisa, jambo geni kwangu. Nikamwambia nisamehe. Nikamwambia sikujua, na kwamba nilipaswa kujua, kwa sababu yule mtoto aliyebebwa alikuwa wangu pia. Josepha alikikunja kitenge cha majogoo. Mwishowe akasema alikuwa amekiweka ili akipeleke Kibondo kizima, ambebee mjukuu kama mama yake alivyombebea Aneth. Alikuwa hajamwambia mtu yeyote. Hata mimi.

Halafu akasema, "Kwa nini hukuuliza? Nilikuwa hapahapa jumuiya, hatua mia mbili."

Nilitaka kumshangaza. Nikafanikiwa.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimeamka, Josepha hayupo kitandani. Nimemkuta bustanini, viraka vyangu vimetandazwa juu ya shuka jeupe. Amepata njia! Kati ya kiraka na kiraka anaweka ukanda mwembamba wa kitambaa cheupe, upana wa vidole viwili hata haufiki. Kanda hizo zinaziba pengo lote. Nikapiga hesabu kwa kalamu: zinatosha mpaka ukingo! Nikamuuliza amepimaje. Akasema ameangalia tu.

Ameangalia tu! Nimefanya kazi na wahandisi wenye digrii mbili.

Kazi ya siku tatu, na tuna siku moja. Marguerite alianza upande wa juu, Josepha chini. Saidi alirudi baada ya swala ya Ijumaa bila kuitwa, akashika upande wa kushoto, na hakutaja ramani yangu hata mara moja. Mimi nilipewa kazi ya kutia uzi sindanoni. Nilitia sindano zote. Zikiisha, nakaa natazama. Mvua ndogo ilipita, tukahamia barazani, ikaisha tukarudi. Harufu ya mchaichai ilikuwa kila mahali. Sindano inaingia, inatoka, na wale njiwa wanakaa kila mmoja kwenye dirisha lake jeupe. Sijawahi kuona kitu kizuri namna hii kinatengenezwa, na nilimwambia Josepha hivyo. Safari hii nilimwahi Saidi.

Josepha alinipa kiraka kimoja, cha pembeni kabisa, nikishone. Kimepinda. Hakukifumua.

Jumapili, 10 Novemba. Kibondo.

Mtoto wa kike! Kazaliwa jana jioni, saa mbili baada ya basi letu kufika. Kilo tatu na robo, na sauti ya mwenyekiti wa kijiji.

Josepha alimfunika na blanketi. Aneth, bado amechoka, alishika pembe yake, akaisugua shavuni. Kisha akauliza kama kitenge hiki si kile cha Bibi. Nilitazama sakafu. Nikasubiri.

Josepha akasema, "Ndicho. Tumekigawa ili kitoshe kumfunika mwili wote. Baba yako ndiye aliyekata."

Aneth akalia, akaninyooshea mkono, akasema asante baba. Niliushika. Josepha alikuwa anaikunja nguo ya mtoto kama vile hajasema lolote. Miaka thelathini na moja. Mwanamke huyu angeweza kuniangusha kwa neno moja, mbele ya mkwe na wauguzi wawili.

Anabaki huku siku arobaini. Mimi narudi kesho kulinda nyumba.

Jumanne, 12 Novemba

Nyumba kimya. Nimekaa bustanini, nimemkumbuka Josepha sana. Nimefikiri wema ule wa Kibondo siwezi kuuacha hivihivi. Lazima nimfanyie jambo kubwa, la kumshangaza.

Nimetazama bustani yake kwa makini, kwa jicho la kitaalamu. Nzuri mno, lakini haina mpango! Mawaridi yamechanganyika na giligilani. Mayungiyungi yameota popote yalipojisikia. Saidi alipita, akanishauri nimpigie simu kwanza shemeji yake, yaani Josepha. Wivu tu. Nikipiga simu itakuwa mshangao gani?

Tangu asubuhi nimeng'oa kila kitu. Vigingi nimepigilia, kamba nimevuta, mashimo yamenyooka kuliko barabara ya Kigoma. Mawaridi nimeyaweka kwenye ndoo kivulini. Yamelala kidogo, yatakuwa yamechoka kama mimi. Nitayapanda keshokutwa, nikimaliza ramani.

Atafurahi!