Nimemwoza Mke wa Mtu kwa Kompyuta

Haya, acheni mlichoshika mnisikilize. Leo nimeumbuka! Nimeumbuka mchana kweupe, kwa kipaza sauti, mbele ya viongozi wa kambi nzima ya wakimbizi.

Mnaijua kazi yangu: mtaalamu wa kompyuta wa mkataba wa miezi mitatu, leo Biharamulo, kesho Ngara, nywele nyekundu kwa vumbi. Mkataba unaisha Ijumaa. Bosi aliniambia wazi: "Orodha ya mgao ikitoka safi, nakuongezea. Isipotoka, safari njema." Na mgao wa chakula ni kesho asubuhi!

Niwaeleze polepole, si jambo gumu. Orodha ya zamani ilikuwa na majina ya wakimbizi na namba za kadi zao. Kadi moja, kaya moja. Kazi yangu ilikuwa kuihamishia kwenye programu mpya, basi. Lakini nilipoifungua leo asubuhi, macho yalinitoka. Namba moja, majina sita yasiyofanana hata kidogo: Ndayizeye, Minani, Bukuru, Nyandwi... Nikasema, uchafu gani huu? (Mimi ni wa Moshi. Kwetu baba akiwa Massawe, watoto wote ni Massawe, na mbwa tungemwandikisha hivyo hivyo.)

Nikazifuta namba zote. Nikaiamuru kompyuta ipange kaya upya: wenye jina moja, nyumba moja. Dakika nne tu! Nikajipigia makofi.

Editha, karani wetu, mzaliwa wa Murukulazo hapa hapa Ngara, akachungulia.

"Kaka, wenyewe umewauliza?"

"Dada Editha, kompyuta haiulizi. Inapanga."

(Jibu hilo naomba mlisahau.)

Saa nne viongozi wa bloku (ndiyo mitaa ya kambi) na watu wao wakakusanyika uwanjani kuihakiki orodha. Nikashika kipaza sauti kwa mbwembwe.

"Kaya ya kwanza! Mama Minani Josefina! Watu thelathini na mmoja! Hongera sana mama, Mungu amekubariki!"

Mama mmoja mtu mzima, mwenye kilemba cha njano, akasimama taratibu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nisomee hao watu wangu."

Nikasoma. Minani Pascal, Minani Evarist, Minani Leonidas... Akahesabu kwa vidole, vidole vikaisha, akaazima vya jirani.

"Wanaume kumi na wanane! Mwanangu, mahari umepokea wewe?"

Uwanja ulilipuka! Mumewe, Mzee Ndayizeye, naye akainuka.

"Na mimi, kijana? Umenihamishia wapi?"

Nikatazama orodha. "Wewe, mzee, uko na... akina mama tisa."

"Basi usiguse kitu! Hapo hapo pazuri!"

Mkewe akamvuta shati. Akaketi.

Editha akanifundisha mbele ya watu wote (kipaza sauti kilikuwa bado kinawaka). Warundi, kama Wahangaza wa hapa, humpa kila mtoto jina lake mwenyewe, la baba halifuati. Na Minani ni jina la mtoto wa nane kuzaliwa, awe wa kike au wa kiume.

"Umekusanya watoto wa nane wa kambi nzima, kaka, ukawafanya familia."

Nikakimbilia faili la zamani. Halipo! Nilikuwa nimehifadhi jipya juu yake. Hapo sikucheka tena. Kesho watu wangepanga foleni na vikapu vitupu, na kosa ni langu peke yangu.

Aliyeniokoa ni Mama Minani. "Kadi si tunazo majumbani? Waite wazilete."

Zikaja, kila moja na namba yake na majina ya kaya! Foleni ikazunguka ofisi. Editha kompyuta moja, mimi nyingine, na Mama Minani amekaa ubavuni kwangu akinisimamia.

"Huyu ndiye mume wangu. Mmoja. Andika mmoja."

Sasa ni saa kumi jioni na imebaki bloku moja tu. Mgao utakuwepo! Nawaandikia upesi wakati jenereta linaongezwa mafuta. Bosi kapita hapa, kasema: "Nakuongezea wiki mbili. Si kwa sifa. Ni ili uondoke ukiwa umeiweka orodha sawa."

Chekeni, lakini kidogo. Kisha fanyeni hivi: kabla hamjagusa orodha ya watu, nakilini ile ya zamani kwenye diski, itieni mfukoni, halafu mwulizeni mwenyeji mmoja watoto wa hapo huitwaje.