Mlinzi Mpya wa Mivumu ya Kigabiro

Jumatano, 2 Agosti 1911. Rumonge.
Amri imetoka boma la Usumbura: ile mivumu ya kale juu ya mji isiguswe tena. Wapagazi wanaoshuka kwenye mitumbwi wamekata kuni mpaka matawi ya chini yamekwisha. Warundi wanapaita mahali pale kigabiro, alipokaa mutware, yaani chifu wao, wa zamani. Wao hawachukui hata kijiti. Sasa boma linatafuta mtu wa kuilinda miti na kuongoza wageni. Mtu huyo ni mimi. Nani mwingine hapa anajua kusoma? Feruzi, muuza mawese, anasema ni yeye. Feruzi!

Ijumaa, 4 Agosti.
Baada ya sala nikapanda mlimani. Nikamkuta Sindayigaya anafagia majani. Ukoo wake ndio uliotunza miti ile tangu enzi za mababu. Nikamweleza kwamba kuanzia leo mkuu ni mimi. Akajibu amahoro, yaani amani, akaendelea kufagia. Nikazungusha ua wa matete, nikaacha njia moja tu ya wageni. Kazi safi. Jioni mke wangu Kadidja akauliza kwa nini njia yangu inapita juu ya makaburi. Makaburi sikuyaona. Nyasi zimeyafunika.

Jumamosi, 5 Agosti.
Wapagazi wameng'oa ua wangu, wamepikia ugali. Feruzi amelitangaza jambo hilo soko zima. Si kitu. Jumatatu anakuja Mzungu wa boma mwenye sanduku la picha, anataka kuipiga picha mivumu. Lakini vichaka vimeficha mashina. Kufyeka ni kazi ndefu. Moto mdogo utamaliza yote asubuhi moja. Sindayigaya ameniomba tungoje mvua kwanza. Nimemjibu kwamba Mzungu hangoji mvua.

Jumapili, 6 Agosti.
Nimewasha. Upepo wa ziwani ukageuka. Moto ukapanda mteremko na kuingia kwenye mvumu mkubwa kuliko yote, ambao ndani ni mtupu. Ukanguruma kama tanuri la mhunzi. Mimi nikatoa amri, hakuna aliyesikia. Feruzi akamwaga mawese yake yote mchangani ili apate mitungi ya kutekea maji. Kadidja akabeba maji pamoja na wanawake wa Kirundi. Sindayigaya akaingia ndani ya shina, akawa anatoa makaa kwa mikono yake, mpaka Feruzi akamvuta nje kwa nguvu.

Alasiri mti ulianguka. Mingine imepona.

Sindayigaya alikaa chini, mikono imefungwa majani ya mgomba. Nikamwambia kosa ni la upepo. Hakukasirika. Alisema tu, "Baba alinikabidhi mti huu. Mimi mutoto wangu nitamukabidhi nini?"

Nikashuka kwenda nyumbani. Njiani machozi yalinitoka. Moshi ulikuwa mwingi.

Jumatatu, 7 Agosti.
Mzungu ameupiga picha mti ulioanguka. Iliyosimama hakuitazama. Akauliza nani aliyeuzima moto. Nikafungua mdomo. Kadidja akaniangalia. Nikasema ni Feruzi na Sindayigaya. Basi Mzungu akataka kumpa Feruzi kazi ya ulinzi, na Feruzi akakataa, akamwambia mlinzi yupo tangu zamani, ni Sindayigaya, na mikono yake inauma. Mimi hakuna aliyenitaja.

Alhamisi, 10 Agosti.
Nimempelekea Sindayigaya asali ya kupaka. Kidonda kinakauka, ila bado hawezi kushika kitu. Amenikaribisha vizuri, na hilo limeniuma kuliko matusi. Kadidja anasema nimfanyie wema mmoja: niiache miti ipumzike. Ni kweli kabisa. Lakini nimefikiri sana. Moto ulipita kwa sababu hakuna kilichouzuia. Dawa yake ni handaki! Handaki refu la kuizunguka mivumu yote iliyobaki, karibu kabisa na mashina. Mizizi pale ni minene, lakini nimeazima shoka la Feruzi. Sikumwambia ni la nini. Naanza kesho, kabla Sindayigaya hajapona akaanza kunisumbua na maswali.